Jina la Askari Aliyekataa: Uhakiki wa Vitabu Vitatu vya Vita vya 1914–1918

Utangulizi

Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 22, mfalme Sauli anawaamuru askari waliomzunguka wawaue makuhani wa Nobu kwa kosa la kumsaidia Daudi. Askari wanakataa kunyosha mikono yao. Mfalme hagombani nao. Anamgeukia Doegi Mwedomi, na Doegi anawaua makuhani 85 kwa siku moja. Kisa hiki kimo mikononi mwa wasomaji wa Kiswahili tangu zamani, lakini yafaa kuangalia jinsi kilivyosimuliwa. Doegi, ambaye alitii, ana jina na ana kabila. Katika wale waliokataa hakuna hata mmoja aliyetajwa. Wanapewa sentensi moja, kisha wanatoweka, wala msomaji haambiwi walifanywa nini baadaye.

Tofauti hiyo haikuja kwa bahati. Fasihi ya vita, katika lugha nyingi, imezoea askari wa aina mbili: shujaa na mwoga. Wa kwanza husifiwa, wa pili huaibishwa, na hadithi ikaendelea. Askari wa aina ya tatu, yule asiyeogopa kufa lakini akakataa kupigana kwa sababu dhamiri yake imemkataza, huisumbua fasihi kama anavyolisumbua jeshi. Masimulizi hayajui yamweke wapi.

Makala haya yanachunguza jinsi vitabu vitatu vilivyomshughulikia askari mmoja wa aina hiyo, yaani Siegfried Sassoon, mshairi na afisa wa jeshi la Uingereza aliyekataa kurudi vitani mwaka 1917. Vitabu hivyo ni Goodbye to All That cha Robert Graves (1929), Memoirs of an Infantry Officer cha Sassoon mwenyewe (1930), na Regeneration, riwaya ya Pat Barker (1991). Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kukataa kwa askari huyu kulikuwa, kabla ya yote, tendo la lugha. Na kwamba dola haikulishinda tendo hilo kwa risasi wala kwa gereza, bali kwa kulibadili jina. Hoja hiyo ikikubaliwa, basi inawahusu pia wataalamu wa Kiswahili, kwani Kiswahili kilikuwamo ndani ya vita hivyo hivyo.

Tamko na jibu lake

Sassoon hakuwa mtu wa kuchukia vita tangu mwanzo. Alijiunga na jeshi kwa hiari yake mwezi wa Agosti 1914. Mwaka 1916 alitunukiwa nishani ya Msalaba wa Kijeshi kwa kuwaokoa majeruhi huku risasi zikimiminika, na Aprili 1917 alijeruhiwa karibu na Arras, Ufaransa. Alipokuwa Uingereza akiuguza jeraha hilo ndipo alipoandika tamko lake, akisaidiwa na watu waliopinga vita, miongoni mwao mwanafalsafa Bertrand Russell. Tarehe 30 Julai 1917 tamko hilo lilisomwa katika Bunge la Uingereza, na siku iliyofuata likachapishwa katika gazeti la The Times.

Yafaa kulitazama tamko hili kama mhakiki atazamavyo matini yoyote. Ni fupi, halina tamathali, na halina hata chembe ya majigambo. Msemaji anaanza kwa kukiri kwamba anaikaidi mamlaka ya kijeshi kwa makusudi. Hadai kwamba vita vyote ni haramu. Anadai kwamba vita alivyoviingia kama vita vya kujilinda vimegeuzwa kuwa vya kuteka, na kwamba wenye uwezo wa kuvimaliza wanavirefusha kwa makusudi. Anaeleza kwamba halaumu mbinu za makamanda. Analaumu makosa na hadaa za wanasiasa. Tena anasema kwamba ananena akiwa askari, kwa niaba ya askari.

Jambo la kushangaza ni kwamba neno dhamiri halimo katika tamko hilo. Mahali ambapo msomaji angelitarajia, yaani katika hitimisho, Sassoon anataja kitu kingine: anasema kwamba watu waliokaa nyumbani hawana uwezo wa kutosha wa kuyajengea taswira mioyoni mwao mateso wasiyoyashiriki. Kwa maneno mengine, chanzo cha uovu kinachotajwa ni upungufu wa ubunifu. Hili ni neno la mtu wa fasihi. Kwa Sassoon dhamiri si sauti itokayo mbinguni wala kifungu cha sheria. Ni uwezo ule ule ambao mshairi huutumia, wa kuuona uchungu wa mwingine kana kwamba uko mbele ya macho yake. Mhakiki asiyeliona jambo hili atalisoma tamko kama waraka wa siasa tu, na hataelewa kwa nini wasanii hawajaacha kulirudia.

Dola nayo ilijibu kwa lugha. Kumshtaki afisa mwenye nishani mbele ya mahakama ya kijeshi kungempa jukwaa. Badala yake aliitwa mbele ya baraza la madaktari, na Wizara ya Vita ikalijibu Bunge kwamba afisa huyo alikuwa na maradhi ya neva, hivyo hawezi kulaumiwa kwa aliyoyatenda. Jibu hilo halikugusa hoja hata moja ya tamko. Halikusema kwamba vita havirefushwi, wala halikusema kwamba Sassoon ni mwongo. Lilisema tu kwamba aliyenena ni mgonjwa. Na maneno ya mgonjwa ni dalili za ugonjwa wake, hayahitaji kujibiwa.

Ushahidi wa rafiki

Graves alikuwa rafiki wa Sassoon na afisa mwenzake, naye ndiye aliyesaidia kumwokoa kwa njia hiyo. Katika kitabu chake anakiri kwamba alikubaliana na mawazo ya Sassoon kuhusu vita, ila aliona kwamba kukataa peke yake hakutamsaidia mtu yeyote. Akaenda mbele ya madaktari kutoa ushahidi kwamba rafiki yake si mzima, na anasimulia kwamba alitokwa na machozi mara tatu alipokuwa akitoa ushahidi huo. Anakiri pia kejeli ya jambo lenyewe: kuwathibitishia wazee, ambao yeye aliwaona ndio wenye wazimu, kwamba Sassoon hana akili timamu.

Sura hii ina nguvu kwa sababu inaonyesha kwamba dola haikuhitaji adui ili imnyamazishe mkataaji, ilimtumia rafiki. Udhaifu wake ni kwamba Graves analiona jambo zima kwa macho ya uokoaji. Kwake yeye swali ni hili: rafiki yangu atapona au hatapona? Swali la tamko lenyewe, kama vita ni vya haki au si vya haki, linaachwa njiani. Kwa hiyo Goodbye to All That, ingawa ni kitabu cha kuvikejeli vita, kinalipokea jina lililotolewa na serikali. Kinacheka jinsi jina hilo lilivyopatikana, lakini hakilirudishi.

Ushahidi wa mwenyewe

Katika Memoirs of an Infantry Officer Sassoon anajiita George Sherston, na Graves anaitwa David Cromlech. Hapa msomaji anapata kisa cha kiapo. Sherston yuko tayari kufungwa. Cromlech anamwambia kwamba hatafungwa wala hatashtakiwa, bali atatiwa katika hospitali ya wendawazimu mpaka vita viishe, naye anaapa kwa Biblia isiyokuwapo mkononi. Sherston anasalimu amri. Baadaye ndipo anapojua kwamba maneno yale hayakuwa ya kweli. Mtu aliyekataa kwa sababu ya uongo wa wakubwa anarudishwa kundini kwa uongo wa rafiki. Kejeli hiyo haielezwi. Imeachwa ijisemee, na huo ndio ustadi wa kitabu.

Tukio jingine la kuangaliwa ni la utepe wa nishani. Sherston anaung'oa utepe huo kifuani na kuutupa katika mlango wa mto Mersey. Mwandishi wa kiwango cha chini angelifanya tukio hili kuwa kilele cha ushujaa. Sassoon anafanya kinyume. Utepe ni mwepesi mno. Unaanguka bila kishindo, unaelea na kuchukuliwa na maji. Kisha Sherston anaiona meli kubwa ikipita mbali kwenye upeo wa bahari, na anatambua kwamba kuvipinga vita ni sawa na kuwapigia kelele abiria wa meli ile. Taswira hizi mbili, utepe usiozama na meli isiyosikia, zinalipima tendo la dhamiri kwa mizani ya haki: tendo ni la kweli, na halina uzito wowote machoni pa ulimwengu. Mwandishi hakubali kuongeza uzito ambao haukuwapo.

Hata hivyo kitabu kina pengo. Sassoon ameondoa ushairi katika maisha ya Sherston. Sherston ni kijana wa mashambani apendaye farasi na uwindaji, haandiki mashairi. Lakini kama ilivyoonyeshwa, tamko la 1917 lilitoka katika ubunifu wa mshairi. Akiondolewa ushairi, Sherston anabaki na hasira na huruma, na kukataa kwake kunaonekana kama tendo la kijana mwema aliyechoka. Yaani mwandishi mwenyewe, kwa unyenyekevu wa kupita kiasi, amewapa madaktari nusu ya hoja yao.

Ushahidi wa riwaya

Pat Barker aliandika zaidi ya miaka 70 baada ya tukio, naye ndiye anayelirudisha suala la lugha mahali pake. Regeneration inafunguliwa na tamko lenyewe, kabla ya msimulizi kusema neno. Inafungwa na maandishi ya daktari katika faili, yenye tarehe ya 26 Novemba 1917, yanayomruhusu mgonjwa arudi kazini. Muundo wa riwaya umo katika ncha hizo mbili. Maneno ya askari yanafungua, maneno ya ofisi yanafunga. Na kati yake ni hadithi ya jinsi ya kwanza yalivyogeuzwa kuwa ya pili.

Daktari huyo ni W. H. R. Rivers wa hospitali ya Craiglockhart, karibu na Edinburgh, mtu wa historia ambaye pia alikuwa mtaalamu wa elimu ya jamii za watu na aliyefanya utafiti Melanesia. Barker hamchori kama adui. Ni mpole, msikivu, na ana kigugumizi. Anajua tangu siku ya kwanza kwamba Sassoon si mgonjwa. Lakini kazi yake ni kuponya, na kupona, kwa tafsiri ya jeshi, ni kukubali kurudi vitani. Kadiri Rivers anavyofanikiwa kama daktari, ndivyo anavyozidi kuwa chombo cha vita. Yeye mwenyewe analijua jambo hili, na riwaya inamfuata anavyozidi kulijua.

Kilele cha ujuzi huo si mazungumzo yake na Sassoon, bali siku anapomshuhudia daktari mwingine, Yealland, akimtibu askari wa kawaida aitwaye Callan. Callan amepita katika mapigano mengi, kisha akapoteza sauti. Yealland anafunga mlango, anamtia umeme kooni, na anamwambia kwamba lazima aseme, ingawa atakachosema hakitasikilizwa. Callan anasema. Usiku Rivers anaota ndoto ya kutisha, na alfajiri anaelewa kwamba yeye na Yealland wanafanya kazi moja: mmoja kwa ukatili, mwingine kwa upole, wote wawili wananyamazisha. Callan alikuwa amekataa kwa mwili kwa kuwa hakuwa na nafasi ya kukataa kwa maneno. Sassoon alikataa kwa maneno, na maneno yake yakafanywa kuwa dalili ya mwili.

Hapa Barker anaingiza suala la tabaka, ambalo Graves na Sassoon hawakulipa nafasi ya kutosha. Rivers wa riwaya ameona kwamba askari wa kawaida hupoteza sauti, hali maafisa hupata kigugumizi. Bubu ni mtu anayetaka kusema na anayejua kwamba akisema ataangamia. Na kwa mtu wa tabaka la chini maangamizi hayo huwa karibu zaidi. Billy Prior, afisa aliyetoka katika familia ya wafanyakazi, anasimama katikati ya matabaka hayo mawili na kuikejeli nadharia ya daktari wake. Kwa kumbuni Prior, Barker anamuuliza msomaji swali ambalo tamko halikuliuliza: nani ana haki ya kuwa na dhamiri?

Swali hilo lina jibu la kihistoria. Sheria ya kuwaandikisha watu jeshini kwa lazima ilipitishwa Uingereza mwezi wa Januari 1916, nayo iliacha mlango mdogo kwa wenye pingamizi la dhamiri. Watu wapatao 16,000 walijaribu kuupitia. Wengine, maombi yao yalipokataliwa, walihesabiwa kuwa askari tayari, wakavalishwa sare kwa nguvu na kupelekwa Ufaransa. Mwezi wa Juni 1916 watu 35 miongoni mwao walihukumiwa kufa. Hukumu ilisomwa mbele ya kikosi: kwamba mfungwa atapigwa risasi, hapo msomaji akatua, kwamba Jenerali Haig ameithibitisha hukumu, akatua tena, kisha kwamba imebadilishwa kuwa kifungo cha miaka 10 cha kazi ngumu. Watu hao hawakuwa na nishani wala rafiki katika baraza la madaktari. Afisa aliitwa mgonjwa. Wao waliitwa wahalifu. Wapo pia askari 306 wa jeshi la Uingereza na makoloni yake waliopigwa risasi kweli kwa makosa kama utoro na woga, na ambao serikali haikuwasamehe mpaka mwaka 2006. Kwa miaka 90 walibaki na jina walilopewa na mahakama. Si wote waliokataa kwa dhamiri. Wengi walikuwa wamevunjika tu. Lakini mahakama haikuwa na neno la kutenganisha mmoja na mwingine, na mahali pasipo na neno, bunduki haichagui.

Je, Sassoon alishindwa? Wapo wanaosema kwamba kurudi kwake vitani mwaka 1918 kulifuta tamko lake. Maoni hayo hayana budi kukataliwa. Alirudi bila kuliondoa hata neno moja. Kilichomrudisha ni askari wake aliowaacha mahandakini, hali yeye analala kitandani pa hospitali na kucheza gofu. Uwezo ule ule wa kuona uchungu wa wengine uliomwambia akatae ndio uliomwambia arudi. Hata alipoandika katika Siegfried's Journey (1945) kwamba ni vigumu kuamini kuwa amani ya mwaka 1917 ingalidumu, alisahihisha hesabu ya siasa tu. Dhamiri si utabiri. Mtu anaweza kukosea kuhusu matokeo ya vita, na bado akawa amesema kweli kuhusu uongo unaowalisha.

Kiswahili na askari wa tatu

Mtu atakayeamua kuvifasiri vitabu hivi kwa Kiswahili atakutana na tatizo mapema sana. Atamwitaje Sassoon? Mtoro hafai, kwa kuwa mtoro hujificha, naye alijitangaza. Mwasi huinua silaha. Yeye aliiweka chini. Haini humsaidia adui. Mkaidi hukataa bila sababu, na aliyesusa hukataa kwa kinyongo. Kugoma kuko karibu zaidi, lakini mgomo ni wa wengi na una madai ya kulipwa. Na mwoga? Methali husema kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hiyo ina hekima yake: inamtetea mwoga kwa hesabu ya uhai. Lakini askari aliyekataa hakutafuta kicheko nyumbani. Alijua kwamba anaweza kuhukumiwa, akasaini.

Kila moja ya majina hayo limebeba hukumu ndani yake. Mfasiri akilichagua lolote bila kufikiri, atakuwa amekaa katika kiti cha wale wazee wa baraza la madaktari.

Upungufu huu haumaanishi kwamba utamaduni wa Waswahili haukulijua jambo lenyewe. Ni kweli kwamba tendi za vita, kuanzia Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, zinasimama upande wa wanaokwenda. Lakini fasihi hiyo hiyo ina kisa cha Fumo Liyongo, kama kilivyotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Mfalme wa Pate anamtuma kijana wa Liyongo amuue babake, kwa ahadi ya kuozwa binti wa mfalme. Kijana anatii. Anapata siri ya sindano ya shaba, anatekeleza, na fahari aliyoahidiwa haipati. Mapokeo yanamlaani, na yanamlaani kwa sababu alitii. Wasikilizaji wa kisa hiki, vizazi kwa vizazi, wamejua kwamba ipo amri ambayo mtu mwema angeikataa. Kisa hakikumwonyesha mkataaji; kilichimba shimo lenye umbo lake.

Lugha yenyewe ina zana nyingine. Neno dhamiri limekwisha zoeleka katika tafsiri ya Biblia na katika mijadala ya sheria, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaulinda uhuru wa dhamiri katika ibara ya 32. Katika vyumba vya uhakiki neno hili lina ndugu yake, dhamira, na wanafunzi huyachanganya kila mwaka. Kosa hilo lina funzo: kusudi la mwandishi na sauti inayomwonya mtu vimetoka katika shina moja. Lakini kabla ya dhamiri kuenea vitabuni, Waswahili walisema, na wangali wanasema, kwamba mtu amesutwa na nafsi yake.

Usemi huu una uzito usiopatikana katika neno la Kiingereza. Katika miji ya pwani kusuta ni jambo la hadharani. Aliyesema uongo au aliyemzulia mwenziwe huendewa mlangoni, akaulizwa mbele ya mashahidi. Mtu aliyesutwa na nafsi yake, basi, amejengewa baraza hilo moyoni. Mshtakiwa ni yeye na shahidi ni yeye. Tena kusuta hakuhusu kila kosa. Kunahusu uongo. Na uongo ndio uliokuwa shtaka la Sassoon. Kwa hiyo Kiswahili kinaweza kulieleza tukio la 1917 kwa usahihi mkubwa: askari alisutwa na nafsi yake kwa kukaa kimya, akaenda kuwasuta wakubwa mlangoni pao. Kwa desturi, anayesutwa hana budi kujibu. Jibu la dola lilikuwa kwamba aliyekuja mlangoni ana wazimu. Mzee yeyote wa Mombasa au Lamu angeitambua hila hiyo.

Majina ya wasiotajwa

Jambo hili lina uzito wa pekee Afrika ya Mashariki. Mwaka huo huo wa 1917, Sassoon alipokuwa akiandika tamko lake, wanaume wa nchi hizi walikuwa wakikusanywa kwa maelfu kuwa wapagazi wa jeshi la Uingereza dhidi ya Wajerumani. Kwa hesabu za serikali yenyewe zaidi ya 40,000 walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Jina la kikosi chao limebaki katika Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Hakuna aliyewauliza kuhusu dhamiri zao. Wagiriama, ambao Mekatilili wa Menza aliwahimiza wasiwatoe vijana wao kwa kazi za Waingereza, walipigwa mwaka 1914, na kukataa kwao kukaandikwa katika vitabu vya utawala kuwa uasi. Neno lilichaguliwa na aliyekuwa na kalamu.

Katika barabara ya Kenyatta, Nairobi, ipo sanamu ya askari na wapagazi iliyozinduliwa mwaka 1928. Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, nayo yanamwahidi anayeipigania nchi yake kwamba hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Juu ya sanamu hiyo hapana jina la mtu hata mmoja. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Ikiwa hayo ndiyo malipo ya waliokwenda, ni wazi kwa nini waliokataa hawakuachiwa hata sentensi.

Hitimisho

Kati ya vitabu vitatu vilivyochunguzwa, Goodbye to All That kinaonyesha jinsi jina la mgonjwa lilivyotengenezwa. Memoirs of an Infantry Officer kinaonyesha jinsi mtu anavyolipokea jina hilo akiwa amechoka. Na Regeneration inamrudishia aliyekataa maneno yake, kisha inawauliza wasomaji ni wangapi hawakupewa hata nafasi ya kuyasema. Kwa sababu hiyo riwaya ya Barker, ingawa iliandikwa na mtu ambaye hakuviona vita hivyo, ndiyo iliyokwenda mbali zaidi.

Kwa wahakiki wa Kiswahili kazi iliyo mbele si kubuni istilahi mpya kwa haraka. Ni kuacha kwanza kuwafundisha wanafunzi kwamba kila askari katika fasihi hana budi kuwa shujaa au mwoga. Mwanafunzi anayepewa visanduku viwili tu atamtia Sassoon katika kimoja chao, na atawatia humo humo wapagazi, Wagiriama na askari wa Sauli. Askari wa Nobu walikataa mbele ya mfalme mwenye mkuki mkononi. Haikuandikwa walikuwa akina nani. Hata hivyo mwandishi wa zamani hakuwaita wagonjwa, wala watoro, wala wahaini. Alisema tu kwamba walikataa, akaliacha neno hilo wazi, na mpaka leo halijahitaji kusahihishwa.